Nani Humtupa Utingo? Fizikia ya Mzunguko na Sarufi ya Kiswahili katika Mitaa ya Eastlands

Abiria apandaye matatu Buruburu au Donholm alfajiri, kabla msongamano haujaiziba Barabara ya Jogoo, hufika katika mzunguko wa City Stadium gari likiwa bado na kasi. Hapo mambo matatu hufuatana, na kila mkaazi wa Eastlands anayajua mwilini mwake hata kama hajapata kuyasema kwa maneno. Kwanza gari hupinda kushoto ili kuuingia mzunguko, na abiria wote huegemea kulia. Kisha hupinda kulia kukizunguka kile kisiwa cha katikati, na abiria hao hao huegemea kushoto, aliye dirishani akabanwa na bega la jirani yake. Hatimaye hupinda kushoto tena kuifuata Barabara ya Landhies, na watu wakarudi kulia. Utingo naye, mguu mmoja kwenye kidato cha mlango na mkono mmoja umeshika chuma, hujivuta ndani katika lile pindo la pili. Hakuna mwalimu aliyemfunza. Amejua tu kwamba hapo ndipo mlango unapotaka kumtema.

Wakiulizwa kinachowapata katika mzunguko ule, wengi watajibu kwamba wanatupwa. Kona imewatupa, gari limewatupa, au kuna nguvu fulani inayowarusha nje. Kisarufi jibu hilo halina dosari. Kifizikia lina kasoro, na kasoro yenyewe imejificha ndani ya kiambishi kimoja. Kitenzi kinaponyambuliwa katika kauli ya kutendwa, huashiria kwamba yupo mtenda, awe ametajwa au amefichwa. Anayesema ametupwa amefungua mlango wa swali: ametupwa na nani? Katika mzunguko wa City Stadium mtenda huyo akitafutwa hapatikani.

Katika mtaala wa 8-4-4, mada ya mwendo wa mviringo iliwekwa katika kidato cha nne, ikafundishwa kwa Kiingereza kama fizikia nzima. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeipita kwa haraka akielekea kwenye masomo ya lugha aghalabu hubaki na fomula moja asiyokumbuka matumizi yake, pamoja na imani kwamba jambo lile halisemeki kwa Kiswahili. Imani hiyo haina msingi. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na istilahi kama kani, mchapuko, msuguano na tungamo zimekuwa zikitumika kwa miaka mingi. Makala haya yanaueleza mwendo wa mviringo kwa Kiswahili, kwa mifano inayoonekana mtaani, na kuonyesha ni wapi lugha ya kila siku humsaidia mwenye kueleza na ni wapi humpotosha.

Kutupwa na Kuachwa

Mwaka wa 1687 Isaac Newton alichapisha kitabu chake kikuu, na sheria yake ya kwanza ya mwendo ndiyo inayohitajika hapa: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo huo, kwa kasi ile ile na kwa mstari mnyoofu, ila kisukumwe au kivutwe na kani fulani. Kwa mujibu wa sheria hii, mwendo mnyoofu hauhitaji maelezo. Kinachohitaji kuelezwa ni kupinda.

Basi na achukuliwe mtazamaji aliyesimama kando ya barabara, upande wa Kaloleni, anayeitazama matatu ikizunguka. Yeye hamwoni utingo akirushwa nje. Anachokiona ni gari likipinda kulia huku mwili wa utingo, ambao sekunde iliyopita ulikuwa ukienda mbele, ukiendelea kwenda mbele. Gari limeondoka chini yake. Asipokuwa ameshika chuma, njia yake na njia ya gari zitaachana, yeye akifuata mstari mnyoofu nalo likifuata tao. Ndani ya gari jambo hilo hilo huonekana kama msukumo wa kuelekea nje, kwa sababu kila anachokitumia abiria kupimia mwendo wake, yaani kiti, dirisha na paa, kinapinda pamoja na gari.

Kitenzi kinachofaa hapa ni kuachwa, wala si kutupwa, na wenyeji wa Nairobi wamekuwa nacho siku zote. Mtu aliyechelewa kituoni husema ameachwa na gari. Utingo aliyelegeza mkono katika mzunguko ameachwa na gari vivyo hivyo, tofauti ikiwa kwamba wa kwanza aliachwa lilipoongeza kasi na wa pili aliachwa lilipogeuza uelekeo. Kauli ni ile ile ya kutendwa, lakini safari hii mtenda yupo na anaonekana: ni gari lenyewe.

Liko jambo moja la bahati mbaya ambalo si dereva wala utingo aliyelipanga. Kenya huendesha kushoto, desturi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, na kwa hiyo magari huuzunguka mzunguko kwa kufuata uelekeo wa akrabu za saa, kisiwa kikiwa upande wa kulia. Mlango wa abiria nao uko kushoto, upande wa kando ya barabara. Maana yake ni kwamba katika kila mzunguko wa nchi hii mlango huwa upande wa nje, pale hasa ambapo mwili unaoachwa na gari huelekea. Katika nchi zinazoendesha kulia kila kitu hugeuka kama katika kioo, mlango ukawa kulia na mzunguko ukaenda kinyume cha saa, na hatari ikabaki pale pale. (Watanzania huuita mzunguko wa barabara kipilefti, neno lililotokana na amri ya Kiingereza inayomtaka dereva akae kushoto. Amri imegeuka ikawa jina la mahali, nalo halimwambii msikilizaji lolote kuhusu duara.)

Kiasi cha Kani

Ikiwa gari limepinda na utingo amepinda nalo, basi ipo kani iliyompindisha. Hiyo ndiyo kani ya kutafuta, nayo huelekea ndani, kwenye kitovu cha duara. Kwa utingo hutoka kwenye chuma alichokishika, kupitia mkononi. Kwa abiria wa dirishani hutoka kwenye ubavu wa gari unaomsukuma begani. Kwa abiria wa kiti cha kati hutoka kwenye msuguano wa nguo na kiti, na msuguano usipotosha, hutoka kwa jirani yake. Kwa gari lenyewe hutoka kwenye lami, inayozisukuma tairi kuelekea kisiwani.

Kiasi chake hupatikana hivi. Kitu kikizunguka kwa kasi isiyobadilika bado kina mchapuko, kwa sababu mchapuko hupima mabadiliko ya uelekeo pia, wala si ya kasi peke yake. Mchapuko huo ni kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa nusukipenyo cha duara. Ukizidishwa kwa tungamo la kitu, jibu ni kani inayohitajika.

Tuseme njia ya gari ni tao lenye nusukipenyo cha mita 20, na gari linakwenda kilomita 18 kwa saa, ambazo ni mita 5 kwa sekunde. Mchapuko ni 25 kugawanywa kwa 20, yaani mita 1.25 kwa sekunde kwa sekunde. Utingo wa kilo 60 anahitaji kani ya newtoni 75, ambayo ni kama uzito wa mtungi wa maji ambao haujajaa nusu. Mkono mmoja unatosha. Dereva akiongeza mwendo hadi kilomita 36 kwa saa, kasi imekuwa maradufu, lakini kani imekuwa mara nne: newtoni 300, takriban uzito wa mzigo wa kilo 30 unaovuta mkono mmoja kwa ubavu. Hapo ndipo penye siri ya ajali nyingi za mlangoni. Kasi huongezeka kwa kujumlisha, kani huongezeka kwa kuzidisha, na mkono wa binadamu haupewi notisi.

Tairi nazo zina kikomo chao. Katika lami kavu, msuguano unaweza kutoa kani inayofikia takriban sehemu saba kwa kumi za uzito wa gari. Kwa tao lile lile la mita 20, kikomo hicho hufikiwa kwenye kilomita 42 kwa saa. Mvua ikinyesha, lami ikawa na utelezi na msuguano ukapungua hadi sehemu nne kwa kumi, kikomo hushuka hadi kilomita 32. Katika hesabu hii tungamo la gari hujifuta, kwa sababu gari zito huhitaji kani kubwa zaidi ili kupinda, na uzito huo huo huliongezea msuguano. Dereva anayejitetea kwamba gari lake haliwezi kuteleza kwa kuwa limejaa watu hana hoja.

Ila hatari ya gari lililojaa iko kwingine. Lami husukuma tairi kule chini, ilhali tungamo la gari liko juu. Msukumo wa chini na ukaidi wa juu hushirikiana kulipindua gari kuelekea nje. Gari hupinduka pale mchapuko unapozidi ule wa mvutano wa dunia ukizidishwa kwa uwiano huu: nusu ya upana baina ya magurudumu, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Basi ambalo nusu ya upana wake ni mita 1 na kitovu chake cha uzito kiko mita 1 juu ya lami litateleza kabla ya kupinduka, kwa maana msuguano utashindwa kwanza. Wakisimama abiria wengi ndani yake, yakapakiwa magunia ya Gikomba juu ya paa, kitovu kikapanda hadi mita 1.6, mambo yanageuka. Sasa litapinduka kwenye takriban kilomita 40 kwa saa, kabla tairi hazijaanza kuteleza. Kuteleza humpa dereva onyo. Kupinduka hakumpi.

Kanuni zilizotangazwa katika Notisi ya Kisheria Nambari 161 ya mwaka 2003, na ambazo Wakenya wanazijua kwa jina la John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Zilidai vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, na abiria wasiozidi viti. Katika mizunguko ya Eastlands kidhibiti mwendo hakina kazi, kwani kilomita 80 ni maradufu ya kasi ambayo tao la mita 20 laweza kuistahimili. Mkanda na marufuku ya kusimama ndivyo vyenye maana pale: mkanda unampa abiria kani ya kumpindisha pamoja na gari, na abiria aliyeketi hushusha kitovu cha uzito. Inasikitisha kwamba katika mijadala mingi ya wakati ule ni kidhibiti mwendo kilichosifiwa zaidi, nao mkanda ukaonekana kero.

Kitovu

Jina la kani hii lina historia ambayo wanafunzi wa isimu wataipenda. Christiaan Huygens, Mholanzi, aliichunguza mnamo 1659, akaitazama kwa jicho la aliye ndani ya chombo kinachozunguka, na kwa Kilatini akaiita nguvu inayokikimbia kitovu. Newton alipokuja kuandika baadaye, akiwa na sayari mawazoni, aliunda kwa makusudi neno la kulijibu lile la Huygens: nguvu inayokitafuta kitovu. Istilahi zote mbili ni za kubuniwa, tena na watu ambao lugha yao ya nyumbani haikuwa Kilatini. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi kuwa na istilahi ya jambo hili kwa kuwa hakikuzaliwa nayo hana budi kukumbuka kwamba Kilatini nacho hakikuzaliwa nayo.

Tena Kiswahili kilikuwa na malighafi bora kuliko ya Newton. Kitovu ni sehemu ya mwili kabla hakijawa nukta ya jometria. Ni alama ya mahali mtoto alipounganishwa na mamaye. Na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtu hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake anapotaka kusema nyumbani ni wapi. Wengi wa wana wa Eastlands walikatwa kitovu katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka wa 1926. Mwalimu anaposema "kani ya kuelekea kitovuni", mwanafunzi tayari ana picha ya kamba inayomvuta kitu kisiende mbali. Picha hiyo haimo katika neno la Kiingereza, ambalo kwa Mwingereza wa kawaida ni sauti tupu.

Je, ile nguvu ya Huygens ni uongo? La. Aliye ndani ya gari, na aliyeamua kulichukulia gari kuwa limetulia, hana budi kuiingiza katika hesabu zake ili zilingane na anayoyaona. Wahandisi huitumia kila siku kwa manufaa. Kosa ni kuichanganya na ile ya kuelekea kitovuni katika maelezo mamoja, mtu akasema utingo anavutwa ndani na kurushwa nje kwa kani mbili zilizo sawa. Kani mbili zilizo sawa na kinyume hufutana, na kitu kisicho na kani hakipindi. Utingo huyo angekwenda moja kwa moja hadi ukutani.

Cheche za Mnoa Visu

Upo ushahidi wa macho kwamba kilichoachwa hufuata mstari mnyoofu, na hupita mlangoni bila kuitwa. Ni mnoa visu wa baiskeli, anayezunguka Maringo, Jericho na Umoja, baiskeli yake akaisimamisha kwa stendi, akapanda na kupiga pedali ili mnyororo ulizungushe jiwe la kunolea lililofungwa mbele. Kisu kinapoligusa jiwe, cheche huruka. Watoto huzitazama kwa furaha, na ni nadra mtu kuwauliza zinaelekea wapi.

Lau kani ya kurusha nje ingekuwapo, cheche zingetawanyika kutoka kwenye kitovu cha jiwe kwa pande zote kama miale ya jua katika picha ya mtoto. Hazifanyi hivyo. Hutoka pale kisu kinapogusa, zote zikiwa zimeshikamana katika utepe mmoja, zikifuata mstari unaoligusa duara mahali pamoja tu bila kulikata. Mstari huo wanahisabati huuita tanjenti. Kila cheche ni kipande cha chuma kilichokuwa kikienda pamoja na ukingo wa jiwe, kikaachiliwa, kikaendelea na safari kiliyokuwa nayo wakati ule ule. Vijana wa mashambani waliotumia teo kufukuza ndege katika mashamba ya mtama walilijua hilo bila fomula. Jiwe haliachiwi wakati mkono unapomwelekea ndege. Huachiwa robo ya mzunguko mapema.

Mtoto mwingine wa mtaa, akitoka kuteka maji, huzungusha ndoo wima hadi juu ya kichwa chake na maji yasimwagike. Maelezo ya kwamba maji yanasukumwa kwenye kitako cha ndoo na nguvu ya nje yatafaa kwa mtu aliye ndani ya ndoo. Kwa mtoto aliyesimama nje, jambo ni hili: maji yanaanguka, ila ndoo nayo inapinda kuelekea chini kwa haraka isiyopungua ile ya kuanguka kwao, kwa hiyo hayapati nafasi ya kuiacha. Kwa mkono na ndoo vyenye urefu wa mita 1 pamoja, mzunguko mmoja usizidi sekunde 2. Ukizidi, mtoto atalowa na mamaye atakuwa na neno la kusema.

Kinazunguka Nini?

Hadi hapa kimezungumziwa kitu kinachozunguka kitu kingine. Kuna mzunguko wa namna ya pili: ule wa pia inayosimama kwa ncha yake, wa gurudumu la mkokoteni uliopinduliwa, wa gogo katika kerezo. Kiingereza cha fizikia kina vitenzi viwili kwa namna hizi mbili, na waandishi kadhaa wa Kiswahili wamejaribu kukipatia Kiswahili kitenzi cha pili kwa kutumia kujizungusha. Uchaguzi huo unahitaji kutiliwa shaka. Kirejeshi ji- pamoja na kauli ya kutendesha humfanya anayetajwa awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Pia inayojizungusha ni pia iliyo na hiari. Ilhali pia halisi ilizungushwa na kamba ya mtoto, kisha ikaendelea kwa kuwa hakuna kilichoizuia isipokuwa upepo na msuguano wa ncha, na vikishaitosha nguvu hukaa chini. Kosa ni ndugu wa lile la kutupwa: kule mtenda alibuniwa nje ya kitu, huku anabuniwa ndani yake.

Njia rahisi zaidi imekuwapo muda wote. Kitenzi kuzunguka hupokea yambwa. Dunia huzunguka jua. Dunia huzunguka mhimili wake. Kitenzi ni kimoja, na tofauti yote imebebwa na yambwa: ikiwa kinachozungukwa kiko nje ya kitu, ni mzunguko wa aina ya kwanza, ikiwa kimo ndani yake, ni wa aina ya pili. Mwalimu hana haja ya vitenzi viwili. Anahitaji kumzoeza mwanafunzi asiliache swali: kinazunguka nini?

Katika mzunguko wa mhimili, sehemu zote za kitu hukamilisha duru kwa muda mmoja, lakini haziendi kwa kasi moja. Fundi wa Kariobangi anayekereza chuma huliona hilo kila siku. Akiwa ukingoni mwa chuma kinene, kisu chake hukutana na chuma kinachopita kwa kasi. Akisogea katikati, kasi hupungua hadi pale mhimilini ambapo hakuna mwendo. Kwa sababu hiyo mashine ile ile humtaka apunguze mizunguko kwa kipande kinene na kuiongeza kwa chembamba.

Gurudumu linaloviringika barabarani huunganisha mwendo wa mbele na mzunguko wa mhimili, na matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mtoto anayekimbiza tairi kuukuu kwa kijiti katika vichochoro vya Dandora anakimbiza kitu ambacho sehemu yake ya juu kabisa huenda mbele maradufu ya kasi yake yeye, na sehemu yake inayogusa ardhi, kwa nukta ile ya kugusa, imetulia tuli. Tairi la gari hushika lami vizuri kwa sababu hiyo hiyo: linapoviringika bila kuteleza, mahali pa kugusana hapasugui. Dereva akikanyaga breki ghafla, gurudumu likafungwa, utulivu huo hutoweka, na uwezo wa lami kulipindisha gari hutoweka nao.

Uhuru Mbili

Mkaazi wa Umoja aliyelala kitandani anakwenda mashariki kwa takriban mita 465 kila sekunde, ambazo ni kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa kuwa Nairobi iko karibu sana na ikweta na dunia inauzunguka mhimili wake. Kasi hiyo ni zaidi ya mara 46 ya ile ya matatu iliyotajwa hapo juu. Mbona hashiki chuma? Nusukipenyo cha dunia kwenye ikweta ni kilomita 6,378, na tao refu namna hiyo hupinda polepole mno. Mchapuko wake ni mita 0.034 tu kwa sekunde kwa sekunde. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kani ya newtoni 2, ambayo mvutano wa dunia huitoa bila kuonekana kupungukiwa. Mwili hausikii kasi. Husikia kupinda.

Mwendo huo wa bure ulikuwa mojawapo ya sababu zilizomfanya Luigi Broglio, mtaalamu wa Kiitaliano, kuchagua bahari iliyo karibu na Malindi kuwa mahali pa kujenga jukwaa la kurushia roketi. Roketi inayoondoka ikweta kuelekea mashariki tayari ina mita 465 kwa sekunde kabla ya kuwashwa. Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka wa 1967 na ya mwisho mwaka wa 1988. Kati ya hizo, iliyo mashuhuri zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru. Ilikuwa ya NASA, chini ya usimamizi wa mhandisi Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji ikapewa jina Uhuru. Katika Eastlands kuna mtaa uitwao Uhuru pia, jirani na Jericho na Buruburu.

Uhuru ya angani ilikwenda kwa takriban kilomita 7.6 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 500 juu ya ardhi, ikaizunguka dunia kwa dakika 96 hivi. Mchapuko wake wa kuelekea kitovuni ulikuwa yapata mita 8.3 kwa sekunde kwa sekunde, na huo ndio mchapuko wa mvutano wa dunia kwenye kimo kile. Hakuna chuma iliyokishika wala lami iliyoisukuma. Uzito wake wote ulitumika kuipindisha, usibaki hata kidogo wa kuisikia. Wakati huo huo ilizunguka mhimili wake polepole, duru moja kwa dakika 12 hivi, ili vifaa vyake viifagie mbingu ukanda kwa ukanda vikitafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Miale hiyo humezwa na angahewa na haiwezi kuonekana kutoka ardhini.

Miongoni mwa vilivyochunguzwa ni nyota iitwayo Centaurus X-3. Eksirei zake zilipigapiga kila baada ya sekunde 4.8, kama mapigo ya moyo wa mtu aliyelala mno. Wachunguzi waliokuwa chini ya Riccardo Giacconi, ambaye kazi yake katika nyanja hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2002, waligundua pia kwamba mapigo hayo hukaribiana na kuachana kidogo kwa kipindi cha takriban siku 2.1. Tafsiri iliyokuja kukubalika ni ya mizunguko miwili katika kitu kimoja. Nyota hiyo, iliyoshindiliwa kupita kiasi, huzunguka mhimili wake kila sekunde 4.8, na huzunguka nyota nyingine kubwa kila siku 2.1. Kitenzi ni kile kile, yambwa mbili.

Setilaiti yenyewe iliacha kufanya kazi mwezi wa Machi 1973. Kwenye kimo kile pana hewa kidogo sana, lakini ipo, nayo iliendelea kuipunguzia mwendo mzunguko baada ya mzunguko, tao likishuka kidogo kidogo, hadi Aprili 1979 ilipoingia katika hewa nzito na kuungua.